Swali la Paa

Simu waliyonipa ina maswali thelathini na mawili.
Nayajua yalivyopangana, kama mtu ajuavyo
ngazi za nyumba yake gizani.
Leo ni Muyeye, nyuma ya mashine ya kusaga.
Mama Nyevu kanipa kiti,
yeye akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa.

Mko wangapi mnaokula chungu kimoja?
Watano, akasema. Akafikiri.
Watano na Mwarandu.
Nikaandika sita.

Maji? Kwa jirani, kwa mtungi.
Jokofu? Akacheka, nami nikacheka,
ila simu haijui kucheka,
hungoja ndiyo au la.

Kisha swali la paa.
Akainua macho. Nikainua yangu.
Mabati, mapya, yanang'aa
hata kuku hakatizi uani saa saba.
"Mabati," akasema taratibu, kama anayekiri.

Sikumuuliza, akanieleza.
Lilikuwa la makuti. Mwarandu akawa anasikia
watu ndani ya makuti, watu wenye orodha,
wakiita majina ya nyumba nzima usiku kucha.
Akawasha kiberiti ili wanyamaze.
Kuta zilibaki. Tukauza mbuzi watatu na mkufu wangu,
chama kikatukopesha kilichopungua.
Makuti tena, mwanangu? Nani atathubutu?

Nikatafuta pa kuyaweka hayo.
Kuna kisanduku cha makuti, cha mabati, cha vigae.
Hakuna cha mabati kwa sababu ya.

Mwarandu mwenyewe alisimama mlangoni,
shati limefungwa hadi kifungo cha shingo,
akiitazama simu, si mimi.
"Ndio hao?" akauliza.
Nikasema la. Nikasema ni bima.
Akatikisa kichwa
kama mtu mzima anayedanganywa na mtoto.

Nilipobonyeza mwisho duara likazunguka, likazunguka,
kisha ikaja hukumu: kaya hii inajiweza.
Ilipe ya mwaka mzima kwa mkupuo, ndipo kadi ifunguke.
"Tunajiweza?" akauliza Mama Nyevu, mara mbili.
Likawa neno tamu mdomoni mwake, kitambo kidogo,
halafu akalitema.

Sindano ya Mwarandu ni moja kwa mwezi.
Zamani nesi Rukia alimdunga bila malipo,
akaandika kwenye daftari la kijani.
Daftari limefungwa, mtambo umefunguliwa,
na mtambo hauoni mtu asiye na kadi.
Duka la dawa lililo karibu na soko linayo,
kichupa kimoja kwa bei ya mbuzi,
na mbuzi wamekwisha kuwa paa.

Kwenye semina tulipewa fulana, chai, mandazi mawili.
Bwana mmoja kutoka wizarani akasema
afya ya akili ni kipaumbele,
akalirudia neno hilo, kipaumbele,
hata nikalipenda.
Posho yangu ya mwezi wa tano haijaja.
Silalamiki; nasema tu kwamba nami
usiku huhesabu, midomo ikicheza,
na mume wangu hugeuka kitandani:
unaongea na nani?

Kuna kitufe cha kurudi nyuma.
Hawakutufundisha, nilikigundua mwenyewe.
Simu ikauliza: una hakika unataka kubadili?
Mama Nyevu alikuwa amekwenda kunitafutia maji.
Kwa kidole gumba nikaliezua paa lake,
bati kwa bati, bila kelele,
nikaliezeka upya.

Sikujua Mwarandu yuko nyuma ya bega langu.
"Makuti," akasoma, herufi kwa herufi,
kwa sauti ya mtu aliyewahi kuongoza darasa.
Akarudi hatua moja.
Akatazama juu.