Kifuniko cha Cherehani

Fadimula, nirudishie tepu yangu.
Tangu Jumatatu imo mfukoni mwako,
imeanza kunuka gundi na unga wa mbao,
na jana Nalwoga nimempima kiuno kwa uzi.
Mteja mzima, gomesi ya mita sita,
namzungusha uzi kama mbuzi wa mnadani!

Na chaki umechukua. Ile ya buluu.
Nimeiona ubavuni mwa vijumba vyako:
mstari wangu wa mabega na makwapa
sasa unachora mlango wa shomoro.
Tundu, unasema, lisizidi bobini moja na nusu,
likizidi kunguru ataingiza mdomo.
Bobini ya nani, Fadimula?

Saba umevigongomea, kwa mbao za kreti za nyanya,
kimoja ukakipaka kijani kilichobaki kwenye madirisha ya msikiti.
Ukavitundika: vitatu kwenye mfenesi,
viwili ukutani mwa choo,
kimoja juu ya tangi la maji,
kimoja kwenye nguzo ya umeme, ukitafuta kesi.
Bombo nzima ikapita ikitazama.

Tukangoja.

Cha kwanza waliingia nyigu.
Cha pili, mjusi mwenye kichwa cha samawati,
akawa anapiga pushapu mlangoni kama kuruta.
Cha tatu mvua.
Vilivyosalia vilitikisika tu kwenye upepo
kama vichwa vinavyokataa posa.

Sikusema kitu.
Mwanajeshi mstaafu hachekwi mbele ya majirani.
Nilichekea jikoni, mdomo kwenye kanga.

Mimi zana zangu zinakaa kwenye kopo la biskuti:
kifumulio, kinachojua makosa yangu yote na hakisemi;
subana ya marehemu mama, imejaa vishimo
kama uso wa mtu aliyepona ndui;
pini, na sumaku ya redio ya kuziokotea;
mkasi ambao haujawahi kukata karatasi,
waulize wajukuu kilichowapata.
Kopo limejaa, kifuniko hakifungi,
miaka minne naomba kijisanduku.
Fundi wa ndege hana nafasi.

Basi Alhamisi, baada ya mvua ya usiku,
natoka barazani nifungue kazi.
Kifuniko cha cherehani, kile cha mbao,
nilikiacha chini kimelala ubavu,
na pale mpini ulipong'oka mwaka wa Kovidi pana tundu.
Kitu kikatoka humo, prrr, kikanipita sikioni.

Nikachungulia.
Nyuzi nyekundu za gomesi ya Nalwoga.
Pamba ya mto. Nywele zangu, naona aibu, na mvi zake.
Kipande cha utepe wa dhahabu
nilichokulaumu wewe siku mbili mfululizo.
Katikati, mayai manne, yana madoa
kama yamepigiwa pasi yenye masizi.

Nilikuita. Ulikuja na nyundo mkononi.
Ulipiga magoti, ukatoa tepu (tepu yangu!),
ukapima lile tundu bila kugusa,
kisha ukakaa chini barazani
kama mtu aliyesomewa barua.
"Bobini mbili kasoro," ukasema.
"Na halina hata paa la mteremko."

Nikikanyaga mashine, mama anaruka.
Kwa hiyo nikashona kwa mkono: upindo wote,
mita sita, mshono wa kuficha,
Nalwoga akija kila asubuhi kulia
kwamba kwanjula ya bintiye ni Jumamosi.
Macho yangu usiku hayaoni tundu la sindano.
Wewe ulinitungia uzi,
ulimi nje, vidole vya bunduki vikitetemeka,
sindano baada ya sindano,
na hukutaja ndege.

Sasa vijumba vyako vimeshuka mtini.
Vimepangwa ukutani, juu ya meza yangu.
Chaki inakaa kwenye kile cha kijani,
bobini kwenye kile cha nguzo, zinapita mlangoni moja moja,
subana ina nyumba yake peke yake.
Tepu imerudi. Inaning'inia nje kidogo, kama mkia.

Wateja wakiuliza ni nyumba za nani,
nawaambia ni za ndege.
Wametoka.