Ulimi wa Mbao

Madawati haya niliyachonga mimi
mwaka ule wa mvua nyingi, arobaini na mawili,
miguu mvinje, juu mtiki wa Longuza,
kwa kipimo cha magoti ya mtoto wa darasa la tatu.
Sikujua najipimia mwenyewe.
Leo saa kumi na mbili jioni, hapa Ngamiani,
nimekunjwa humo kama rula ya fundi,
miaka hamsini na saba, goti kidevuni,
na chini ya ubao kidole kimegusa
alama yangu ya penseli: T.

Thabiti ndilo jina. Wa kuja huniita Sabiti,
nami huitika.

Kilichonileta si hamu ya Uzungu.
Ni Jumanne moja, ofisi ya zabuni,
milango sitini ya zahanati
na karatasi kumi na moja zisizo na neno hata moja la mama yangu.
Nikatia tiki palipotakiwa kukataa.
Binti wa mezani hakuinua macho:
"Mzee, si ungekuja na mtu anayeelewa?"
Anayeelewa!
Mimi ninayegonga ubao kwa ukucha
nikajua kama ndani mna mdudu.
Nilitoka kinyumenyume, kama niliyevunja kitu.
Nyumbani Mwanakheri akauliza, vipi zabuni?
Nikamwambia wamefunga mapema.

Mwalimu Nyamizi ni rika la kitindamimba wangu.
Wiki ya kwanza nilinyamaza.
Wiki ya pili nikauliza msumeno waitwaje,
nikaandika kwa penseli ya sikioni: soo.
Chuma chote kile, meno yote yale, ni soo tu?
Bi Zawena alicheka hadi mtandio ukamdondoka.
Yeye ni mfagiaji pale Bombo.
Anataka maneno ya madaktari,
yale yasemwayo juu ya kitanda cha mgonjwa
na mgonjwa yumo.

Wiki ya tano: "Ulimi kati ya meno, pumueni."
Darasa zima likatoa nyoka: sss.
Hata mwalimu, mtoto wa Tabora,
nyoka akamponyoka.
Mimi nikatoa tha.
Tha ya thumni, tha ya thawabu,
niliyofunzwa chuoni kwa fimbo nikiwa na miaka sita,
na dhali yake, nyuki ndani ya kopo.
"Rudia, mzee." Nikarudia.
"Tena." Bi Zawena akapiga dawati
(nikasikiliza: halikulegea).
Kumbe ninachokilipia elfu mbili kwa wiki
nusu yake ilikuwa kinywani mwangu siku zote.
Jioni hiyo mwalimu aliita majina upya.
"Tha-biti," alisema, taratibu, akijiuma ulimi.

Ulimi hauna mfupa, wasema.
Wa mbao unao.
Huukata, huupunguza kwa patasi,
huupeleka tunduni mara tano, mara sita;
ukiulazimisha, tundu hupasuka,
ukiulegeza, mlango hulia usiku kucha.
Kiingereza changu ndicho hicho. Bado naparuza.

Mwezi wa tatu nikarudi ofisini. Binti yuleyule.
Nikaitoa sentensi yangu moja,
niliyoipiga msasa juu ya baiskeli toka Chumbageni.
Macho yakainuka.
Akasimama. Akanivutia kiti.
Nikakaa, furaha ikapanda,
na nyuma yake kitu kichungu kama utomvu:
mikono ni ileile, kofia ileile,
na salamu niliyompa Jumanne ile ilikuwa nzima,
yenye kuulizia wazee na watoto.
Kiti hiki kilikuwa wapi?

Sikuuliza.
Mguu wa nyuma, wa kushoto, ulikuwa unacheza.
Nikamwambia kwa Kiswahili,
polepole, kama mtu anayemfunza mgeni:
"Mwanangu, ulimi wa kiti chako umelegea.
Kesho nakuja na gundi."