Mfuko Wenye Jina

Alfajiri ya Jumatano, kunguru hawajagawana mtaa,
Mwambire aligonga mlango wangu kwa kifundo kimoja,
akaweka mfuko mweusi barazani, taratibu,
kama mtu alazaye mtoto wa wenyewe.
"Bibi, hii ina jina," akasema.
Akashika mikono ya mkokoteni, akenda zake.

Jina lilikuwa langu.
Bili ya stima, imelowa mchuzi wa samaki,
herufi zimekaza palepale, hazina haya:
MWANASHA SHEE, KUZE.
Chini yake magamba ya changu, cheti cha presha,
na pampasi tatu za mjukuu, zimefunga ngumi.

Miezi minne nilikuwa simlipi.
Hamsini kwa wiki! Hamsini ni kitunguu na ndimu mbili,
na usiku una mikono mingi, nani atajua wangu?
Nikingoja taa ya jirani izime,
navaa buibui, nafunika uso kama mwenda kwa mpenzi,
miaka sitini na mmoja mie, na mpenzi wangu
ni kiwanja cha nyumba iliyobomolewa.
Rusha. Puu. Rudi.
Asubuhi niko barazani na kikombe mkononi,
wa kwanza kulaani:
"Watu hawa! Watu hawa hawana ustaarabu!"

Masika yalipoingia, mtaro ulikohoa
ukatapika hadi ukumbini kwangu:
chupa, kandambili moja ya mguu wa kushoto,
na kile kikopo cha mafuta ya nywele
nilichokitupa mwezi wa Rajabu.
Nilikijua kwa ufa wake.
Nikafagia, nikasema ni kudura.

Nilidhani Mwambire atanitangaza.
Hakunitangaza. Ndilo lililoniuma.
Jumatano ya pili nikamngoja mlangoni
na mia nane, deni lote, nimelikunja.
"Lipa ya wiki hii," akasema.
"Zile nyingine ulijibebea mwenyewe."
Kisha akafungua mfuko wangu
kama daktari afunguavyo kope za mgonjwa:
"Machicha usichanganye na chupa.
Chupa ikinuka samaki, mnunuzi wa Kongowea
ananikata shilingi mbili kwa kilo."

Yuwajua mambo yangu, kijana huyu.
Yuwajua nimeacha sukari.
Yuwajua mwanangu alirudi nyumbani na mtoto, bila mume.
Na marehemu wangu, alijua yuwaondoka
kabla sijajua mie niliyelala naye:
"Mikate ilianza kutoka mizima," akaniambia.

Tangu hapo nina ndoo mbili
na kapu la ukindu lililotoboka.
Machicha ni ya bata wa Maimuna, huko darini kwake.
Vifuu huvifuata Sharifu mchoma mihogo,
na jioni moshi wake ukipita dirishani
nauambia mwanangu: hiyo ni nazi yetu ya Ijumaa.
Chupa ni za Mwambire.

Lakini pampasi.
Hizo hazina kapu. Bata hawazitaki,
moto wazionja wazitema.
Nikamuuliza zaenda wapi.
"Mwakirunge," akasema,
kama mtu atajaye makaburi ya kwao.
"Na huko?"
"Huko zakaa."

Mjukuu wangu ana miezi saba.
Atatembea, atasoma, ataoa inshallah,
atazeeka, ainame juu ya mkongojo,
na pampasi ya leo asubuhi itakuwa ingali kule,
imefunga ngumi,
haijui kwamba mwenyewe alikwishakua.

Jana usiku taa ya jirani ilizimika.
Nikasikia komeo, nyayo, kisha: puu.
Nilikaa kitandani nimekizuia kikohozi.
Asubuhi akatoka na kikombe chake,
akatazama kiwanja, akatikisa kichwa.
"Mwanasha, watu hawa!"
Nikasogea, nikampisha nafasi barazani akae.
Jumatano ni kesho.