Hodi ni Tatu

Mezani kwangu Ruwi kilijisimika kwa dakika moja,
kifurushi changu cha kuchapa lebo za dawa.
Nikakipongeza. Sikujiuliza kwa nini kilitii:
kwenye mashine ile mimi ndiye mwenye nyumba,
funguo zote kiunoni, hata za stoo nisizoingia.

Ibra, Jumatatu, Bi Zuwena wa dirisha la dawa
alibonyeza mara moja tu, kama nilivyomwandikia.
"Huna ruhusa," kikamjibu. Akanipigia simu
kwa Kiswahili chake cha Kigoma kisicho haraka:
"Mwanangu, kitu chako kimenitukana mbele ya wagonjwa."

Kilikuwa kimeingia nusu, kikakwama:
ikoni ipo, programu haipo,
faili kumi na moja zimezagaa
kama viatu vya wageni wa harusi.
Na Haitham, mwenye nywila kuu,
yuko Maskati kwenye semina, simu kazima.

Nikaendesha. Milima rangi ya kutu, saa nzima na nusu.
Nikakaa kwenye kiti chake, nikaingia kwa jina lake,
si langu, na hapo nikakiona nilichokiandika:
mtu asiyepiga hodi,
anayesukuma mlango mkuu kwa bega
akitaka chumba cha baba mwenye nyumba.

Nikafuta. Nikaandika:
kwanza uliza, nani kaniita?
Ana ufunguo? Tandika ukumbini, kila mtu akalie.
Hana? Chumba chake kinatosha,
panga vitu vyako humo, kabati la watu usiliguse.
Hodi ni tatu. Usipojibiwa, geuka,
na nyayo zako uzifagie.

Bi Zuwena akamimina kahawa.
"Mwaka nilioletwa hapa," alisema,
"nilikaa chumba cha uani kwa shangazi. Miaka minne.
Nimepika humo, nimezaa humo."
Akanisogezea tende. Hakuendelea.

Printa ikakohoa. Lebo ya kwanza ilitoka imepinda:
kidonge kimoja, mara mbili, baada ya kula.

Sasa nina akaunti ya majaribio, naiita Zuwena.
Haina ufunguo hata wa dirisha.
Kila toleo huanzia kwake;
wenye funguo watangoja.

Haitham alirudi Alhamisi, akauliza
nani alimpa mama huyu ruhusa.
"Hakuna," nikamwambia. "Hatukuihitaji."
Hakufurahi.