Siku ya Upepo, Darasa la Pili

Julai nzima ulikuwa unatusumbua.
Ulifungua dirisha lenye msumari mmoja,
ukamwaga chaki, ukaleta vumbi la barabara ya Chilonwa
mpaka ndani ya daftari la mahudhurio,
ukaketi juu ya majina kama mgeni asiyejua kuaga.
Nikasema: basi, Alhamisi tutakusoma wewe.

Nikapanga. Saa mbili, kuhesabu:
tiara kumi na mbili za mifuko ya saruji,
ondoa tatu zilizonasa mgungani.
Saa tatu, kusoma: pepea, pepeta, peperuka, peperusha,
mama mmoja na watoto wake wote.
Saa nne, baada ya uji, mama yake Mbeleje
aje na ungo na nusu debe la mtama
atuonyeshe makapi yanavyoachana na chakula.
Mwalimu mkuu akauliza, "Hii ipo kwenye mtaala?"
Nikamwambia ipo, ila haijaandikwa hivyo.

Usiku nikakunja pangaboi sabini na mbili
kwa karatasi za mitihani ya mwaka juzi,
kila moja na mwiba wake wa mgunga,
maksi nyekundu zikitazama nje.
Mume wangu alinishikia taa, kimya,
kisha naye akakunja nne. Mbovu.

Alhamisi ikafika. Upepo haukufika.

Bendera ililala kwenye mlingoti kama shati lililoloa.
Bati lililogonga mwezi mzima likafunga mdomo.
Mama yake Mbeleje akanyanyua ungo juu ya kichwa, akamimina,
na mtama ukashuka na makapi yake, pamoja,
kama ndugu waliokataa kugawana shamba.
Akapiga mluzi mdogo, ule wa kuuita.
Watoto wakaudaka, sabini na wawili,
midomo imechongoka, mate yanaruka.
Darasa la tano wakachungulia, wakacheka.
Nikatazama saa. Nikatazama andalio la somo.
Kwenye andalio ulikuwa unavuma vizuri sana.

Aliyegundua ni Chibago,
ambaye b na d bado hajui zinaangalia wapi,
ambaye nilimtuma ufagio tu.
Alitoka mbio, pangaboi mkononi,
akasimama ghafla katikati ya uwanja
kama aliyekanyaga kaa la moto.
Akakimbia tena. Akasimama tena.
"Mwalimu! Ukisimama haupo!
Ukikimbia upo!"

Nilikuwa na sentensi tatu nzuri ubaoni kuhusu hewa.
Zikabaki ubaoni.
Mlango wetu ni mwembamba; sijui walipitaje wote kwa mara moja.
Uwanja ukajaa karatasi zinazozunguka,
"rudia" na "vizuri" na saba ya kumi
zikiyeyuka kuwa duara moja jekundu,
hata zile nne za mume wangu, kwa kuchechemea.
Na Mbeleje, asiyependa kukimbia,
akachukua daftari lake akampepea mama yake.
Wengine wakaona. Madaftari yakaja.
Makapi yakasita, yakasogea kidogo,
kisha yakaondoka yote kwa mkupuo
na kutua kwenye nywele za Mwalimu mkuu
aliyekuja kuuliza kelele ni za nini.

Wewe ulikuja saa tisa,
nikiwa na ufagio peke yangu.
Ulibeba chati, ukabeba tiara mbili,
ukanimwagia vumbi kifuani bila hata hodi.
Sikukufukuza.
Nilikuuliza ulikuwa wapi, kama anavyoulizwa mtoro,
na kama mtoro hukujibu.

Mezani nina karatasi nyingine.
Siku ya Mvua, nimeandika, Januari.
Kupima kwa makopo. Kusoma: nya, nyesha, nyeshea.
Nimeandika kwa penseli,
maana Januari iliyopita tuliimaliza
tukitazama mawingu yanayokwenda kwa wengine.
Ijumaa Chibago aliiona, akaisoma taratibu kwa kidole,
b na d zikamsumbua hata pale zisipokuwepo.
Halafu akainua uso:
"Hiyo nayo, Mwalimu,
tutaikimbilia wapi?"