Stima Ilipokatika

Jumamosi, Maweni, watoto saba mkekani,
televisheni ya Mama Fumo imeinamia upande mmoja.
Ni katuni: kinda la popo limelelewa na minana,
limefunzwa kusuka kiota, kuamka na jua,
na kila alfajiri linaanguka.

Mwanangu hatafuni tena bajia yake.
Kwa bibi yake wa Ganda yeye ni Sidi,
kwa mamangu, hapa Shela, ni Mwanaesha,
na shuleni, Nusu.
Juzi aliniuliza: tumbo likiniuma,
ni nusu ipi inayoumwa?

Minana wakaita mkutano. Mkubwa wao akakohoa:
"Popo, sema leo. U ndege, au u mnyama?"

Stima ikakatika, Malindi nzima.

Wenzake wakapiga kelele, wanadai mwisho.
Basi akausema yeye, gizani, mdomo umejaa:
"Popo akaning'inia kwenye tawi lao,
akawatazama mmoja mmoja,
akawauliza, mbona nyote mmepinduka?
Haya, mapera yameiva."

Stima iliporudi
majina ya waliochora yalikuwa yakipanda, yakipanda,
wala hakuyatazama.
Alitaka bajia nyingine.