Robo ya Mkono

Kompyuta ya skuli ya Mchangamdogo
imeletwa Wete ndani ya gunia la karafuu.
Mwalimu Faki kaipakata kama mgonjwa.
"Ikifika saa nne inazimika," anasema,
"kama mtoto aliyelala na njaa."

Nalegeza nati, navuta ubavu wa bati:
vumbi la makonyo limeganda kama ukoko,
mayai mawili ya mjusi, meupe, magumu,
na feni yenye upana wa kikombe cha kahawa
inayohangaika kupoza nyumba nzima.
Haina kosa. Pua ndogo tu.

Basi tutaitoboa.
Bikari ya mdogo wangu Sizini haifiki,
nachukua sufuria ya maziwa,
naifudikiza juu ya bati, nazungusha kalamu.
Nabandika utepe wa karatasi, rangi isichubuke.
Navaa miwani ya kuzamia,
kioo kimoja kina ufa.

Mashine yenyewe si kubwa: unene wa muwa,
mdomoni diski nyembamba kama kaki.
Ukiiegemea inapasuka
na kipande kinakutafuta jicho.
Haitaki nguvu. Inataka uigusishe
kama unavyoonja uji wa moto kwa ncha ya ulimi,
uguse, utoe,
uguse.

Inalia, wallahi. Ziii ya mbu anayedai.
Ikizama chumani sauti inashuka, inakuwa nzito,
cheche zinamiminika upande wa kulia
na kufa sakafuni kabla hazijafika miguuni.
Jirani anayeshona kanzu anafunga dirisha.
Harufu ya rangi iliyoungua,
ya nywele, ya senti iliyotiwa mdomoni.

"Duara halikatwi kwa mviringo," namwambia Shaame, mwanagenzi.
"Unakata vijistari vifupi vilivyonyooka, arubaini, hamsini,
vikikaa pamoja watu wataviita duara."

Diski ya kwanza ilivunjika.
Ya pili ililika ikawa kama kifungo.
Ya tatu ilikuwa imefika robo tatu ya safari

umeme ukakatika.

Umeme wetu unatoka Tanga, unapita chini ya bahari,
na huko gizani nani ajuaye kilichougusa.
Mashine ikashusha pumzi mkononi mwangu,
ikasimama, jino lake limo ndani ya bati.
Kimya kikawa kikubwa
hata tukamsikia fundi cherehani akifungua dirisha lake.

Gari ya mwisho ilishaondoka. Mwalimu akavua viatu.
Baba akatoka chumba cha pili.
Zamani alitengeneza vibatari kwa makopo,
kabla waya haujafika.
Hakusema neno la hekima. Alisema:
"Mkasi wangu wa bati umeuweka wapi?"
Nilikuwa nakatia mipira ya maji.

Mikono yake siku hizi inatetemeka,
akashika ukingo kwa kanga iliyokunjwa, mimi nikabana.
Bati lile si kopo la mafuta ya kupikia.
Mkasi ulitafuna, haukukata:
kwaka. Kwaka.
Mstari ukapanda, ukashuka, ukanikimbia.
Bati likikatwa halishoneki. Nikaendelea.
Kisahani kikadondoka, kikazunguka sakafuni
muda mrefu kuliko tulivyotarajia, kikalala.

Tupa, dakika ishirini.
Shaame akapitisha kidole, akakirudisha haraka, akakinyonya.
"Bado," akasema.

Saa tatu usiku taa ziliwaka.
Feni kubwa, ya mashine iliyokufa zamani,
tuliifunga kwa skrubu tatu;
ya nne haikupata chuma cha kushika.
Ikaanza kuzunguka,
upepo ukatoka unanuka makonyo.

Mwalimu akainama na tochi.
Robo tatu laini kama ukingo wa sahani,
robo moja imetafunwa.
"Hapa kapita panya?"
"Hapo," nikamwambia, "umeme haukuwapo."

Kile kisahani sikukiona tena usiku ule.
Asubuhi nilikikuta juu ya birika la baba,
meno yake ya upande mmoja
yamekunjwa kwa ndani, moja moja,
yasimkate mtu.